Mkwe wa Kinamasini

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye bustani moja magharibi mwa London, ambako wamerudisha biva. Kama hujamwona, ni mnyama mfano wa panya mkubwa sana, mkia bapa kama mwiko wa ugali, na kazi yake ni kuangusha miti kwa meno na kuziba kijito hadi maji yasambae. Wenyewe hawakutokea. Tuliona visiki vilivyochongoka kama penseli, na bwawa lililotulia. Mwelekezi alitunong'oneza kwamba tangu maji yakae, vyura na samaki wamerudi bila kuitwa. Kisha upepo ukaleta harufu ya tope, nami, rafiki yangu, sikuwa London tena.

Nilikuwa kwa bibi, pembeni mwa kinamasi. Alfajiri tulishuka kutazama migono, mitego ya fito aliyoisuka mwenyewe. Mafunjo yalitukwaruza mikono, tope lilininyonya miguu hadi magotini, na kwa mbali tulisikia miluzi mifupi mifupi: fisi maji, wale wanyama wa majini walao samaki, wakiitana. Mara nyingi walikuwa wametutangulia, mgono umefumuliwa, kambale kabaki kichwa. Bibi hakutukana. "Mkwe amepita," alisema, akaketi kuusuka upya. Kwetu mama mkwe hamkaripii mkwewe, hata akimaliza chungu. Jina la fisi maji hakulitamka kabisa, kama asivyotamka la mume wa shangazi yangu. Na kabla hatujaondoka aliacha samaki mmoja mdogo juu ya jiwe.

Jirani yetu, mtegaji mwenzake, alipenda kumchokoza. "Mama, mkwe gani huyu? Mahari hakuleta, na kila siku anakula kwako."

"Wangu angalau anakuja," bibi alimjibu. "Wako umemwona tangu harusi?"

Jirani alicheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Halafu baba mdogo akaleta miche ya mikaratusi. Alisema kinamasi hakina faida ila mbu, na nguzo za umeme zina soko. Ukoo ulikaa, ukakubali. Bibi alisema neno moja tu: "Mkwe akihama, msinitume nikamwite."

Ile miti ilikunywa maji ya kinamasi kimya kimya. Mafunjo yakageuka manjano, miluzi ikapungua, na asubuhi moja hatukuisikia. Migono ilining'inia jikoni ikishika masizi. Lakini bibi aliendelea kushuka, akiweka dagaa wa kununua juu ya lile jiwe. Waliokuja ni sisimizi.

Ndani ya basi la kurudi Kilburn nilimsimulia binti yangu haya yote. Anakisikia Kiswahili vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza aliniuliza kama mkwe alirudi.

Nikamwambia hapana. Kilichobaki sikumwambia.

Mazishi ya bibi niliyaona kwenye simu, nimeshavaa sare ya kwenda kuhudumia wazee wa watu wengine. Ukoo ulikuwa umechagua kumzika kwenye mikaratusi. Nilipatambua kwa lile jiwe. Jembe lilikuwa linagonga ardhi kwa sauti kavu, na kila udongo ulipotupwa, vumbi lilipanda. Aliyeshika simu alipita karibu na jirani yetu, naye sasa mzee, amesimama kando akikung'uta viatu. Hakuwa akizungumza na mtu.

"Hapa," alisema, "tulikuwa tunazama."