Salamu Niliyoitoa Mlangoni mwa Kanisa

Mtu wa kuzunguka kama mimi hafiki mahali kwa kupanga. Juzi lori nililopanda kutoka Kolwezi liliharibika Likasi, na fundi akasema kipuri kitapatikana kesho. Basi nikatembea. Miguu ina akili yake, ndugu yangu: ilinipitisha mtaa wa Kikula, ikakata kushoto penye mtaro, ikanisimamisha mbele ya parokia yetu ya zamani. Ukuta umepakwa njano. Kibanda cha kufulia, nyuma ya sakristia, kimekuwa ofisi ya fotokopi. Nilisimama pale mpaka kijana wa mashine akaniuliza, "Mama, uko na karatasi ya kutoa?" Nikamwambia sina. Nilikuwa nanusa tu kama harufu ya wanga bado ipo.

Nilipokuwa mtoto mji huu uliitwa Jadotville, na Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Sisi watoto tuliijua habari hiyo kwa bendera mpya uwanjani pa shule, yenye misalaba mitatu ya shaba, na kwa wimbo mpya ambao mwalimu mwenyewe aliukosea. Mengine yaliendelea kama kawaida. Kengele ya parokia ilitangulia alfajiri, king'ora cha kiwanda kikafuata, kisha moshi mchungu wa shaba ukaja kukaa kooni. Masista walitufagiza uwanja kwanza, ndipo wakatufundisha. Saa nne tulipanga foleni ya maziwa ya unga, kila msichana na kikombe chake cha bati, na maziwa yale yalikuwa na madonge ambayo tuliyabana kwa ulimi ili yadumu mpaka somo la hesabu.

Bibi yangu ndiye aliyenilea, kwa ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo na makofi machache. Alikuwa akisema, "Huyu mutoto anauliza hata kivuli juu ya nini kinamufuata." Ni kweli. Niliuliza umeme wa bwawa la Koni unapitaje ndani ya waya bila kumwagika. Niliuliza kwa nini mawe ya machimbo ya Kamatanda ni ya kijani. Walioniita mjinga walikosea, na walioniita mwerevu pia.

Kwenye dawati langu niliketi na rafiki mmoja tu. Mama yake, mjane, ndiye aliyefua na kupiga pasi nguo za altare katika kile kibanda. Nilipenda kumtazama. Alichemsha wanga wa muhogo mpaka ukawa kama uji mwepesi, akachovya vitambaa, akavianika, kisha akachukua maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo kama mvua ya vumbi. Pasi yake ya makaa ilipogusa kitambaa, ililia fyuu! Mtaani watu waliwajua kuwa ni Wasanga, watu wa upande wa Bunkeya, wenyeji wa Katanga.

Hawakuwa Wasanga. Walikuwa watu wa Kasai, jimbo la jirani, walioitwa wageni kwetu, na mwaka ule hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Vijana wa mtaa walizunguka na marungu na minyororo ya baiskeli wakiuliza watu makabila yao. Tuliona nyumba zikichomwa, tukaona familia zikienda stesheni na magodoro kichwani. Mimi niliijua siri yao kwa sababu nilikuwa naingia na kutoka kwao kama kuku. Mlango ukifungwa, sombe iliitwa matamba, na binti alimsalimia mama yake, "Moyo wenu, mamu." Mama alijibu, "Eyo, moyo." Ndiyo salamu ya Kasai, kwao moyo ni uzima.

Nilimsumbua rafiki yangu mpaka akanieleza. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Weye, usiseme ku inje. Hata kwa bibi yako. Benye kusikia batatuuwa."

Niliapa kwa msalaba. Nikalitunza neno lile shavuni kama peremende.

Ikafika sikukuu ya Sakramenti Takatifu. Masista walichagua wasichana wachache wa kutangulia maandamano wakimwaga maua, na sisi wawili tulikuwamo. Lakini wiki ya mazoezi nilitoroka siku mbili kwenda Kamatanda kutazama yale mawe. Niliporudi, jina langu lilikuwa limefutwa na gauni langu amepewa mwingine. Rafiki yangu aliwekwa mbele kabisa. Nilikwenda kibandani kulia. Mama yake akaweka pasi chini, akanifuta uso, akasema, "Mwaka kesho, mwanangu." Upole ule niliuchukia kuliko kiboko.

Jumapili ile jua lilikuwa kali. Baada ya misa watu walisimama mlangoni mwa kanisa wakimsifu rafiki yangu, na gauni lake lenye wanga lilitoa sauti ya karatasi kila alipogeuka.

"Ona mutoto wa mama mupiga-pasi!" alisema jirani yetu, mwanamke mnene aliyeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi. "Sha, leo ni bibi-arusi kabisa!"

"Na ule wetu iko wapi?" mwenzake akadakia, akinitazama. "Ule alienda kulokota mawe. Mawe hayavalake gauni!"

Walicheka. Langoni walisimama wale vijana wa mtaa, wameweka marungu chini kwa heshima ya kanisa. Mama wa rafiki yangu akatoka sakristia, mikono yote imejaa vitambaa vilivyokunjwa. Nikaenda mbele yake, nikapiga goti vizuri kama tulivyofundishwa, na nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Moyo wenu, mamu!"

Mdomo wake ulitangulia akili. "Eyo, moyo, muana wanyi," alijibu, akitabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yakiwa yameshakimbia.

"Kumbe," alisema mwuza munkoyo, taratibu.

"Aa, mutoto anacheza tu," mwenzake alijaribu kusaidia.

Lakini kijana mmoja langoni alikuwa ameinama kuokota rungu lake. "Mama, Basanga banasalimiaka vile tangu wakati gani?"

Mama hakunitazama. Rafiki yangu ndiye aliyenitazama.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba neno lilinitoka. Halikunitoka. Nilingoja mpaka watu wanyamaze. Nilijua walio langoni ni akina nani. Mwisho wake sikuujua, lakini nilitaka liwaume, na nilijua litauma.

Padri aliwaingiza mama na binti nyumbani mwake na kufunga mlango. Mchana ule vijana walivunja nyumba yao, wakatupa masufuria barabarani, wakachoma kitanda. Jumatatu sista mkuu aliwapeleka stesheni mwenyewe katika gari la misheni, wamelala chini ya magunia. Darasani mwalimu aliita jina la rafiki yangu kwa mazoea, akachukua rula na kupiga mstari. Dawati likawa pana.

Jumamosi nilikwenda kuungama.

"Padri, nimefanya zambi. Nilimusalimia mama mupiga-pasi."

Alisogeza sikio kwenye wavu. "Ulimusalimia namna gani?"

"Kwa luga yake. Nilipiga goti."

Nilimsikia akivuta pumzi, mzee yule aliyechoka. "Kusalimia si zambi, mutoto. Weye hukujua. Enda na amani."

Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Nilitoka bila kitubio chochote, hata Salamu Maria moja.

Mwaka uliofuata niliacha shule. Nimefuata reli tangu hapo: nimepika kambini, nimeuza chumvi, samaki wa mto Lufira, vitenge. Lugha ya Kasai nimejifunza yote kwa kuzunguka. Kila stesheni niliulizia mjane mpiga pasi na binti yake. Bendera ile ilishushwa, mji ukapata jina lingine, masista walikwenda zao, na vikombe vya bati hakuna ajuaye viliko. Ningeweza kusema nao wamepotea hivyo hivyo, na hadithi ingekwisha vizuri.

Lakini Mwene-Ditu, mji wa huko Kasai, mwuza karanga mmoja aliposikia swali langu alipiga makofi. Mama mupiga-pasi wa Jadotville? Yuko, alisema, nyuma ya soko hapa, amezeeka, na binti yake ni mwalimu wa shule. Akafunika karanga zake na kusimama. "Twende nikupeleke, ni karibu."

Nilimwambia treni yangu inaondoka sasa hivi. Alinihurumia, akanifungia karanga za njiani.

Treni iliondoka kesho yake, saa sita mchana.