Siku Gitaa Lilipochimbiwa Kaburi

Nianze kwa kukiri, maana nikinyamaza mtaambiwa na wengine, nao wataongeza chumvi: ni kweli, mimi ndiye niliyefuatwa na watu arobaini na kitu kutoka Soga mpaka Mbwawa, wakimtaja Mungu kwa sauti ya chini, nyuma ya gitaa. Wapo wanaosema watu walikuwa mia mbili. Hawakufika. Wapo pia wanaosema gitaa lile liliswaliwa, na hilo ni uongo ambao nitaukana mpaka naingia kaburini mwangu mwenyewe.

Mnajua kwetu mimi ndiye mkubwa. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikaacha shule na kubaki na wadogo zangu wawili, Zuhura na Hamisi. Nilipopata nguvu nikaenda Dar es Salaam kubeba magunia bandarini, na kila nilipotoka kazini nikawa najifunza gitaa kwenye klabu moja ya dansi, mpaka nikapata la kwangu, la umeme, jekundu lililoiva kama damu ya mzee, lenye sumaku mbili chini ya nyuzi na vifungo vyeupe vya kuzungusha. Nililipiga miaka miwili. Kisha Hamisi akafaulu kwenda shule ya bweni, akatakiwa sanduku, blanketi, viatu na ada, nikaliuza kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anahamia Tanga. Hamisi nilimwambia limeibiwa, ili asisome huku moyo unamsuta. Sikulia. (Nililia, lakini chooni.) Nikarudi Mbwawa kulima mihogo na mananasi.

Hamisi akasoma, akawa mwalimu, na mwaka huo ninaousimulia akapeleka posa Ruvu, kwa binti wa Mzee Pazi. Huyu Mzee Pazi alikuwa anafundisha watoto Kurani, mtu wa msimamo mkali, na alitujibu kwamba anachunguza kwanza, kwa sababu amesikia kaka mtu aliwahi kupiga dansi mjini, na binti yake haingii nyumba ya dansi. Hamisi akamwapia kwamba mambo hayo yalikwisha zamani. Tukawa tunangoja jibu.

Tukiwa katika kungoja huko ikaja habari kutoka Kisarawe, alikoolewa Zuhura, kwamba mwanawe Kondo, mtoto wa miaka mitatu, ana surua mbaya. Kijiji kizima kiliniona ninaondoka nikiwa nimenyong'onyea. Nilipofika nilimkuta Kondo amepona, anafukuza mabata uani bila nguo. Nikakaa siku mbili kwa furaha tu, na siku ya pili, nikipita barazani kwa fundi cherehani mmoja aitwaye Abdala, nikaliona ukutani, limetundikwa katikati ya suruali mbili za watu.

Halikuwa lenyewe. Langu lilikuwa na alama ya moto wa sigara kichwani, na hili halina. Lakini lilikuwa la aina ile ile, sumaku mbili, vifungo vyeupe, wekundu ule ule. Fundi Abdala alisema aliachiwa na karani mmoja aliyehama. Nikalishika, nikalipiga kavu kavu bila umeme, likatoa sauti nyembamba kama mbu aliyeingia kwenye chupa, na mwili wangu wote ukasisimka.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuhangaika. Nilinunue? Mbwawa hakuna umeme, na mashine ya kukuza sauti sina. Vidole vimekuwa vigumu kwa jembe. Tena nikajiuliza, hivi ninalipenda hili, au ninalipenda lile nililoliuza? Na Mzee Pazi je? Nikalirudisha ukutani, nikalishusha, nikalirudisha tena, mpaka Fundi Abdala akachoka akaniambia, "Bwana Shomari, nenda nalo. Kaa nalo siku tatu. Likikukaa moyoni niletee hela, lisipokukaa niletee gitaa."

Nikakubali, lakini nikamwomba anifungie kitu cha kulifunika, maana sikutaka mtu yeyote alione mpaka jibu la Ruvu litoke. Ndugu zangu, uamuzi mdogo ulioniponza siku ile ni huo. Fundi alikuwa na nguo moja tu ya kunipa, bafta nyeupe mpya, akalizungushia vizuri, akalifunga vifundo vitatu, kichwani, kiunoni na chini. Mimi nilikuwa nawaza nyuzi zisikatike. Sikuwaza kabisa kwamba bafta nyeupe yenye vifundo vitatu kila Mwislamu wa pwani anaijua kuwa ni sanda.

Nikatoka alfajiri, kwa miguu, nimelikumbatia kifuani kwa mikono miwili ili lisigonge miti. Njiani nilipishana na watu wawili watatu, wakasimama pembeni wakainamisha vichwa, nami nikasema moyoni kwamba watu wa huku wana adabu sana.

Nilifika Soga adhuhuri imeshapita, na treni ya kutoka Ruvu ndiyo kwanza imeshusha watu. Nikavuka reli, na mtu wa kwanza kukutana naye uso kwa uso alikuwa Mzee Pazi, na mwavuli wake na nduguze wawili, wanakuja kwetu kutoa jibu la posa. Nikaganda. Akanitazama usoni, akatazama kifurushi, uso ukamlegea, akasema, "Innalillahi. Ndiye yule mtoto wa Kisarawe? Ameshaswaliwa?"

Habari za surua ya Kondo zilikuwa zimefika mpaka Ruvu. Na kwetu si ajabu mtoto kurudishwa kuzikwa ujombani. Nilitakiwa kusema neno moja tu, kwamba hapana Mzee, huyu si mtoto. Lakini angeniuliza basi ni nini, na posa ya Hamisi ilikuwa mfukoni mwake. Nikatikisa kichwa kwamba hajaswaliwa. Hivyo tu. Kutikisa kichwa.

Mzee Pazi akampa nduguye mwavuli, akanyoosha mikono. "Lete, mwanangu, nikupokee. Umetoka mbali."

Kwetu ukikutana na maiti njiani huulizi maswali, unafuata na unapokezana kubeba, uwe unamjua au humjui. Basi Mzee Pazi akalipokea gitaa, akaanza kulisomea. Watu wa stesheni wakaacha mizigo yao wakafuata. Wauza samaki wakafuata. Masanja, Mnyamwezi wa genge la reli, mtani wetu sisi Wazaramo tangu enzi za misafara, akatupa sururu akafuata. Na mtu mmoja mwenye baiskeli, kwa wema wake, akapanda akaondoka mbio kutangulia Mbwawa kuwaambia wachimbe kaburi.

Nilipoiona ile baiskeli inapotea kwenye kona nikajua nimekwisha.

Mara tatu nilijaribu kusema. Mara ya kwanza nilimsogelea Mzee Pazi, akanishika mkono akaniambia nisubiri, Mungu yuko na wenye kusubiri. Mara ya pili nilifungua mdomo, wauza samaki wakadhani naomba dua, wakaitikia amina. Mara ya tatu nilimsikia aliyekuwa amelibeba akimnong'oneza mwenzake kwamba maskini, mtoto amekakamaa kabisa, na mwenzake akajibu kwamba surua ndivyo inavyofanya, na (Mungu anisamehe) kicheko kilinipanda nikakibana kwa kofia usoni, na watu wakadhani nimezidiwa, wakaanza kulia kwa kunihurumia.

Mbwawa tulikuta wanawake wamejaa uani, mkeka umetandikwa, na vijana wanarudi na majembe yenye udongo mbichi. Gitaa likalazwa mkekani. Hamisi akatoka ndani. Jamani, Hamisi ni mtu mzima, ana masharubu, lakini alipiga magoti pale mkekani akalia kama siku ile ya mama, akiita, Kondo, Kondo. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Wanaume wakaanza kupanga safu. Hapo nikasema basi. Aibu yangu nilikuwa tayari kuibeba, lakini kuwasimamisha watu mbele ya Mungu kwa ajili ya kipande cha mti na nyuzi sita, hapana. Nikasema, "Subirini." Sauti haikufika mbali, na kabla sijairudia Masanja alikuwa ameshakaa mkekani, akashika kifurushi, akatangaza kwamba hii ni haki ya mtani, mtoto hatoki hapa mpaka Wazaramo watoe kuku, tena jogoo. Mtu akavuta upande huu amnyang'anye, Masanja akavuta upande ule, kifundo cha kati kikafunguka, kidole cha Masanja kikaingia ndani ya bafta, na marehemu akalia.

Ngwiiing.

Masanja aliachia mikono taratibu, akasogea nyuma kwa makalio. Kisha, kwa kuwa mtani ni mtani, akarudi, akapenyeza tena kidole, akavuta uzi kwa makusudi, akainua uso. "Wazaramo," akasema, "mtoto wenu ana nyuzi."

Nikafunua bafta yote, jekundu likang'aa juani. "Hajafa mtu," nikasema. "Kondo mzima, nimemwacha anafukuza mabata. Hili ni gitaa. Ni langu."

Nilipoambiwa baadaye kwamba nilisema ni langu sikuamini, maana mpaka dakika ile lilikuwa la Fundi Abdala, na tangu Kisarawe nilikuwa natembea huku nikijiuliza, nilinunue nisilinunue. Jibu lilitoka lenyewe, mbele ya watu wote, siku ambayo lilikuwa na hasara kubwa kuliko siku nyingine yoyote.

Sitawaficha yaliyofuata. Wanawake walinipa maneno ambayo nilistahili. Mmoja alinirushia kanga yenye machozi. Hamisi alikaa chini. Mzee Pazi alijifuta mikono, kisha akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Shomari, mwanangu, nimelibeba hili nikilisomea. Kesho lirudishe ulikolitoa. Ukilirudisha, jibu langu kwa mdogo wako ni ndiyo."

Uani kote macho yakanigeukia. Njia ilikuwa nyepesi, ndugu zangu, neno moja tu na yote yangesahaulika. Nikamtazama Hamisi, naye anatazama mchanga.

"Mzee," nikasema, "kosa la leo ni langu na nitaliomba radhi nyumba kwa nyumba. Ukimnyima Hamisi mke kwa sababu kaka yake amekudanganya njiani, nitakubali. Lakini gitaa halijakukosea. La kwanza nililiuza ili huyu avae viatu vya shule. Hili silirudishi."

Hamisi akainua kichwa. "Uliniambia liliibiwa."

"Nilikudanganya hapo pia."

Akasimama, akaja akaliokota mkekani, akalipangusa vumbi la safari kwa mkono wa kanzu yake nzuri aliyoivaa kwa ajili ya wakwe. Akamwambia Mzee Pazi, kwa adabu zote, kwamba yeye amelelewa na mtu huyu, na kama mtu huyu hafai kwao basi na yeye hafai. Mzee Pazi akachukua mwavuli wake kwa nduguye. Angekwenda zake palepale, ila treni ya kurudi Ruvu ilikuwa bado sana, ikambidi akae barazani kwetu.

Na akayaona ya mwisho. Maana kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na wazee wetu wanasema kaburi haliachwi wazi tupu, litatafuta mtu. Likakatwa shina la mgomba, nikaamriwa nilizike mimi, peke yangu, mchana kweupe, kijiji kikitazama. Nikalibeba, nikalilaza, nikafukia. Masanja alikaa juu ya udongo akiomboleza kwamba marehemu alikuwa mzazi mwema, ndizi zote zile sasa ni yatima, nani atazilea, na asipopewa jogoo wake hatoki. Akapewa. Mimi nilikuwa nimeinama na jembe, lakini nilichungulia barazani, na naapa nilimwona Mzee Pazi amefunua mwavuli kivulini, amejificha nyuma yake, na mwavuli unatikisika.

Aliondoka bila kutoa jibu. Kwa siku kumi na kitu Hamisi na mimi tulikula bila kuongea sana, hakunilaumu, na kutolaumiwa kule ndiko kulikoniuma. Kisha akaja mjumbe kutoka Ruvu: twende tukapange siku ya ndoa, na yule kaka mtu aje, lakini aje mikono mitupu.

Gitaa nilikuwa nimeshalilipia. Siku ya tatu, kama nilivyoahidi, nilikwenda Kisarawe na hela ya mananasi nikampa Fundi Abdala mkononi, naye aliponiuliza bafta yake iko wapi nikamwambia hiyo nayo niandikie. Sasa kila Jumamosi natembea nalo mpaka Soga, kwa mfanyabiashara mmoja mwenye injini ya umeme na mashine ya kukuza sauti, nalibeba begani, wazi, lote linaonekana, napita stesheni saa ya treni. Wapo wanaosimama na kuvua kofia kwa kejeli. Nawaitikia. Nimeapa kwamba kitu ninachokipenda sitakifunika tena kwa nguo ya rangi yoyote ile ili nimridhishe mtu, na nikiulizwa njiani nimebeba nini, hata na mkwe, nitasema.