Waliokaa Potini Wakitusikiliza

Mke wangu alilea watoto wa watu miaka ishirini na sita, katika ua wetu. Wazazi wakienda kazini wanamwachia, jioni wanawachukua. Watoto walimwita Bibi. Mtaa ulimwita Mama Poti, na hakukasirika. Alisema, "Waache waniite. Nusu yao wamepita hapa, na najua nani alichelewa kuacha nepi."

Hakusoma. Mimi pia sikusoma, herufi hizi nilizipata ukubwani. Kwa hiyo nitaandika kidogo.

Poti za watoto kujisaidia zilikuwa kumi, zimepangwa mstari katikati ya ua. Kila moja ina alama ya ngozi niliyoikata mimi, maana ni fundi viatu: samaki, ufunguo, jani, nyota. Hilo lilianza mwaka ambao watoto wote waliharisha. Mmoja alianza Jumatatu, kufikia Alhamisi ua mzima unanuka. Muuguzi wa zahanati akaja, akatazama, akauliza, "Mama, kila mtoto ana poti yake, au zote ni za wote?" Mke wangu akazitazama zile poti. Alipoondoka muuguzi, akaniambia, "Mzee, nikatie alama." Tangu siku hiyo kila mtoto na poti yake. Sabuni ilitiwa ndani ya soksi ikafungwa kwenye bomba, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kugusa soksi.

Ukuta wa ua una tundu la hewa. Nje, upande wa barabara, chini ya tundu, ndipo lilipo benchi langu. Asubuhi watoto wakishakula, mke wangu aliwaketisha potini, akavuta kigoda, akawapa mgongo, akanisemesha kupitia tundu.

"Wee mzee, chai umekunywa?"

"Chai gani? Yale maji uliyoyaonyesha majani?"

"Basi kesho chemsha mwenyewe, tuone kama hutaunguza sufuria."

"Nitaunguza yako. Mimi sina sufuria."

Kila asubuhi hivyo. Nilidhani ana hamu ya kuongea nami. Sikujua kwamba yuko kazini.

Aliugua siku nne. Sasa ni mwezi wa pili tangu tumzike.

Binti yetu akachukua kituo cha watoto. Ana cheti cha malezi, ni mchapakazi, sina neno naye. Mimi nilisokomeza kitambaa kwenye tundu, maana kila nikiinua nyundo nilisikia jinsi lilivyonyamaza. Nikafunga mfuko wangu, nikauweka nyuma ya mlango. Mdogo wangu ana chumba kwake, mji wa mbali, mahali ambapo marehemu hakuwahi kukanyaga. Nilipanga kuondoka Jumamosi.

Alhamisi akaja mama yake Kupe.

Kupe ni mtoto wa kike, hajafika miaka mitatu. Jina hilo la utani alipewa na mke wangu, kwa jinsi alivyoganda kwenye sketi yake. Mama yake anashona sare kiwandani, na akikosa siku mbili, nafasi yake anapewa mwingine.

Mtoto alikuwa siku ya sita hajapata choo. Tumbo gumu kama soli mpya. Akiiona poti analia. Haja ikimbana anasimama kwa ncha za vidole, anashika ukuta, uso umemwiva, anairudisha. Muuguzi alisema apewe maji mengi na matunda, asilazimishwe, na kama Ijumaa itafika bila kitu, wampeleke zahanati wamtoe choo kwa mpira. Alisema pia, "Akibana, kinakuwa kigumu. Kikiwa kigumu kinamuuma, kikimuuma anabana zaidi. Hatoki humo peke yake."

Niliyajua hayo bila kuwa muuguzi.

Binti yangu alikuwa amejaribu. Alisimama mbele ya mtoto, akapiga makofi, "Haya mama, sukuma! Sukuma!" Na watoto wengine tisa wakapiga makofi.

"Hata mimi mzee mzima," nikasema, "mkinipigia makofi hivyo, nitafunga."

Mama Kupe akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. "Babu, Bibi alikuwa anawaimbia nini?"

"Hakuimba."

"Basi alifanya nini? Si ulikuwa hapa hapa?"

"Nilikuwa upande wa pili wa ukuta."

"Huyu nyumbani ana neno moja tu. Nikimtajia poti, anasema, 'Babu hasemi.' Nikimtajia kituo, 'Babu hasemi.' Nadhani anakuonea huruma kwa msiba."

Ilinijia polepole, kama msumari unaotokeza ndani ya kiatu. Miaka yote ile watoto walikaa pale, wamepewa mgongo, hakuna anayewakodolea macho, wakisikiliza wazee wawili wakigombania chai, mpaka wakasahau kujibana. Kumbe nilikuwa dawa ya choo, na hakuniambia.

Nikasema, "Siwezi."

"Huwezi nini, Baba?" binti akauliza.

"Kuongea na tundu."

Akanitazama, akaelewa. Ana macho ya mama yake. "Baba, kesho wanamtia mpira."

Nikakichomoa kitambaa. Nikaketi kwenye kigoda. Mbele yangu, chini kidogo ya uso wangu, palikuwa na doa jeusi la mviringo ukutani. Mafuta ya nywele. Nilijua ni mafuta gani. Kumbe alikuwa akiegemeza kichwa pale, huku anacheka nami. Kila mwaka alisema ataenda kumwona dada yake, na kila mwaka alisema, "Lakini hawa nitamwachia nani?" Nami nilimjibu, "Utakwenda mwakani." Sikuwahi kumuuliza kama amechoka.

Kupe akaketishwa kwenye poti ya ufunguo. Nikampa mgongo. Tunduni niliona benchi langu tupu na miguu ya watu wakipita.

"Babu hasemi," Kupe akasema nyuma yangu.

"Wee mama," nikasema. Nikaanza tena. "Wee mama, chai ya leo nimechemsha mwenyewe."

Nikausogelea ukuta.

"Sufuria imeungua."

Kupe akacheka.

"Ile yako. Nimeisugua, imekataa. Ungeiona ungenifukuza nyumbani." Nikapumua. "Dada yako alikuja. Alikuja kukuzika. Alikaa kwenye kigoda hiki hiki, akauliza mbona hukuwahi kwenda. Nikasema ulikuwa na kazi."

Nikasikia mtoto anaguna. Nikataka kugeuka.

"Usigeuke!" Kupe akasema.

Sikugeuka. "Na mfuko nimefunga," nikamwambia marehemu. "Sikukuaga kwa sababu sikujua niseme nini."

Hapo kikaanguka. Mama Kupe akapiga kelele kama mtu aliyejifungua. Binti akambeba mtoto, akamwosha, akampeleka kwenye soksi ya sabuni, yeye na Mama Kupe wote wanalia.

"Babu, tazama!" Kupe akasema.

Nikatazama. Sijui kilikaa wapi katika mtu mdogo vile.

Ijumaa hawakwenda kutiwa mpira. Binti alikaa kwenye kigoda, akampa mtoto mgongo, akazungumza na tundu vizuri kuliko mimi. Kupe akasimama kwenye ncha za vidole. "Siyo wewe," akasema. Nikaitwa.

Jumamosi kituo hufungwa. Nilikuwa nimevaa viatu vya safari. Mama Kupe alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. Hakuomba kitu, alisimama tu. Nikavua viatu.

Muuguzi anasema itachukua miezi kabla mtoto hajaacha kuogopa, na akibana tena tutarudi nyuma. Wale tisa nao wamezoea kunisikiliza. Binti ameacha makofi. Mdogo wangu hupiga simu.

"Kaka, unakuja lini?"

"Wiki ijayo."

Wiki iliyopita nilimwambia hivyo hivyo. Mfuko bado uko nyuma ya mlango, mashati nimeanza kuyatoa moja moja.

Kila asubuhi nachomoa kitambaa, naketi, nautazama ukuta alioutazama yeye. Habari zikiniishia narudia za jana, lakini wao hawajali. Nikinyamaza ili nisikilize kama kutakuwa na jibu, mmoja wao husema nyuma yangu:

"Babu, sema."

Nasema.