Mama Hortense na Amri ya Kufunga Mbwa

Kama ulikuwa na mbwa pale Bunia ya Kongo miaka ile ya vita, hata kambwa kakonda ka kulinda kuku tu, ulimjua Mama Hortense. Alikuwa mjane wa upande wa Mahagi, Mkatoliki hasa, mwenye mdomo na mwenye mbwa. Alizalisha mbwa wa kulinda madepo ya bidhaa, akawauzia wafanyabiashara, na watoto wa mbwa wake walifika mpaka mbali kule Ariwara. Lakini mama huyu alipenda sheria kuliko hao mbwa. Wengine wanapenda sukari, yeye sheria.

Sasa fikiria mwenyewe. Mji ulikuwa unabadilisha wakubwa wenye bunduki kama mtu anavyobadilisha shati, na kila mkubwa mpya, hata kabla hajapata mahali pa kulala, alikuwa na lake la kusema juu ya mbwa. Hawa wanataka mbwa avae kibati shingoni. Wale wanakataza kuuza watoto wa mbwa sokoni. Wengine wanasema mbwa wachanjwe, na chanjo yenyewe haiko mji mzima. Nani angeweza kufuata mambo yale? Mama Hortense aliweza. Komunike ya wakubwa ikisomwa kwenye radio, anaacha mboga yake ya sombe motoni anakwenda kusikiliza; asipoelewa anakwenda ofisini kuuliza, na haondoki mlangoni mpaka ajibiwe. Jumapili, misa ikitoka, wenye mbwa wanamzunguka. "Mama, sheria ya sasa iko namna gani?" Naye anaeleza, mkono kiunoni, huku anawakaripia wazembe. Tulimcheka, ndiyo, lakini tulimsikiliza, kwa sababu mbwa wake hawakuwahi kupigwa risasi.

Aliyemwamini kupita wote ni jirani yake, Muzee Lambert, mwindaji wa zamani kutoka Gety. Alikuwa na mbwa mmoja tu, jike mwekundu wa pori, wa ile aina isiyobweka. Mke wa muzee alishakufa, binti yake Lydie ameolewa Boga, na njia ya Boga imefungwa na vita. Kwa hiyo muzee alizungumza na mbwa. Akipika ugali, wanagawana. Duniani alibaki na hofu moja, kwamba siku moja askari watamuua yule mbwa.

Basi wakaja wakubwa wenye amri kali: mbwa wote wafungwe kamba nyumbani, usiku na mchana, atakayeonekana njiani anapigwa risasi. Na hawakutania. Mama Hortense mwenyewe alimpelekea Muzee Lambert kamba ya nailoni, akamwonyesha na mahali pa kuifunga, kwenye nguzo ya jikoni. Muzee hakupenda, maana mbwa wa pori hajazoea kamba. Lakini alifunga.

Miezi ikapita, halafu asubuhi moja wakubwa wale wakapakia magari yao, wakaondoka. Mji ukabaki hauna mwenyewe. Watu wakaanza kufungua mbwa wao. Muzee Lambert akaja kwa jirani yake, kofia mkononi.

"Mama Hortense, wale watu walisha kwenda. Siye tufungue mbwa?"

"Nani alikuambia amri imefutwa? Weye ulisikia kwa radio?"

"Hapana. Sikusikia."

"Basi acha ifungwe. Sheria iko sheria, muzee. Mpaka wenyewe waseme imeisha."

Hapo ndipo alipokosea, mama wa watu, na alikosea katika jambo alilolijua kuliko sisi wote. Amri inatangazwa siku inapoingia. Siku inapotoka, nani anakuja kukutangazia? Waliopaswa kuifuta walishafika mbali, hata hawakukumbuka kwamba Bunia kuna mbwa. Muzee alirudi nyumbani akakaza fundo.

Haikupita wiki, vita ikaingia mjini. Muzee alikuwa sokoni anatafuta chumvi. Risasi zilipoanza, msukumano wa watu ulimbeba mpaka kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Mama Hortense alikuwa nyumbani. Alifunga vitu vyake kwenye kitenge, na kabla ya kukimbia akakata kamba za mbwa wake wote, bila kufikiria sheria wala radio. Kisha akapita mbele ya ua wa Muzee Lambert. Yule mbwa angebweka tu, mama angekumbuka. Hakubweka, na mama akapita mbio.

Walikutana kambini mchana ule, chini ya turubai.

"Mama, mbwa zako ziko wapi?" muzee akauliza.

Alitaka kudanganya, akashindwa. "Nilizifungua, muzee."

"Na yangu?"

Mama Hortense akageukia kitenge chake, akaanza kukaza fundo.

Muzee Lambert hakugombana. Laiti angegombana. Alisimama, akapapasa kisu chake kiunoni, akasema, "Basi naenda kuifungua." Watu wakamshika mkono, wakamwambia kule watu wanauawa. Akawajibu kwamba mbwa amefungwa, hana maji. Mama alimtazama anakwenda mpaka akapotea kwenye kona, na mwenyewe hakumfuata.

Hakurudi. Bunduki ziliponyamaza, mama alikwenda nyumbani akamkuta yule mbwa amelala mlangoni kwa muzee, mbavu nje, kipande cha kamba shingoni. Kilikatwa kwa kisu. Kumbe muzee alifika. Alifika akamfungua, na baada ya hapo hakuna aliyemwona tena, wala kaburi hatulijui. Mama alimlisha yule mbwa kwa mkono wake, lakini kila akishiba anarudi kulala pale pale.

Njia ilipofunguka, Lydie alifika kutoka Boga. Alilia sana mlangoni pa baba yake. Halafu akasema ataondoka na mbwa, kwa kuwa hakuna kingine cha baba kilichobaki, akatoa kamba kikapuni.

"Njia ilipokuwa haijafungwa, baba alikuwa ananitumia salamu, anasema weye unajua sheria yote ya mbwa. Niambie basi, mama. Njiani nitaifunga ao itembee hivi?"

Mama Hortense akakaa chini. Safari hii hakutaja sheria.

"Mutoto wangu, ni mimi nilimwambia baba yako aifunge. Aliniuliza, wenye amri wamekwisha kwenda, nikamwambia bado. Zangu nikafungua. Yake nikaisahau, na yeye akarudi sababu ya ile."

Lydie akairudisha kamba kikapuni. Hakutukana, hakuuliza tena. Alimwita mbwa, wakaondoka bila kuaga.