Kijiji cha Nyar Got

Mwanamke aliyekuja kunitafuta shuleni hakuwa mzazi. Alinisubiri nje ya ofisi ya walimu, mkoba ameukumbatia kifuani, na tulipokwisha kusalimiana alieleza shida yake moja kwa moja.

"Mwalimu, wameniambia wewe ndiye unafundisha Kifaransa. Tuko na mama yetu kule Asembo Bay. Amesahau Kiswahili. Hata Kijaluo amesahau. Anaongea tu lugha ya kwao na sisi hatusikii kitu."

Mama huyo alikuwa Mfaransa, mjane wa shemeji yake. Mume alikwenda Ufaransa kusoma akiwa kijana, akarudi na mke. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka, na kwa kuwa jina la kijiji cha kwao liliwashinda watu kutamka, walimwita Nyar Got, binti wa mlimani. Alilima Asembo, akafuga ng'ombe na kuuza maziwa, akalea watoto ambao sasa wako ng'ambo, akamzika mume wake. Kisha uzee ukaanza kumnyang'anya lugha, ukianza na zile alizojifunza mwisho.

Nilikubali kwenda Jumamosi iliyofuata. Wengine walidhani ni huruma. Ukweli ni kwamba Jumamosi zangu zilikuwa tupu. Naishi peke yangu Nyamasaria. Kifaransa nilikisomea chuoni nikakipenda, lakini Ufaransa sijawahi kufika, na wanafunzi wangu ni wale wachache wanaokihitaji kwa mtihani. Ilikuwa imepita miaka bila mtu mzima kuniambia hata neno moja kwa lugha hiyo.

Nilimkuta mama verandani amevaa sweta mbili, na jua la siku ile lilikuwa kali hata omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufuoni walikuwa wakavu kabla ya adhuhuri. Nikamwamkia kwa Kifaransa. Aligeuka polepole akanitazama usoni.

"Wewe ni binti wa nani?"

Nikamjibu kwamba mimi ni wa huku, wa kando ya ziwa.

"Kwetu hakuna ziwa," akasema. Halafu akaanza kunieleza kwao, kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kijiji chao kilikuwa ubavuni mwa mlima, juu ya bonde jembamba. Barabara ilikuwa moja tu na ilikomea kanisani. Nyumba zilikuwa za mawe, na ng'ombe walilala chini, watu juu, ili joto la mifugo liwapandie watu wakati wa baridi. Mkate uliokwa katika tanuri la kijiji kabla theluji haijaanza, ukawekwa na kuliwa miezi kadhaa, ukawa mgumu hata baba yake akaukata kwa panga. Wanaume walishuka mabondeni kuuza sindano na vitambaa mpaka baridi ipite. Wengine hawakurudi. Baadaye viwanda vikajengwa huko chini, na vijana wa kike nao wakaanza kushuka.

Jumamosi nyingine alinisimulia kifo cha bibi yake. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi halikuchimbika. Walimfunga bibi kwa shuka wakamlaza juu ya paa, theluji ikamfunika, akangoja huko mpaka udongo ulipolainika.

"Tulikuwa tunakula chakula cha jioni, naye yuko juu yetu," akasema. Hakuonekana kuhuzunika. Nilipomtafsiria mke wa shemeji yake, yule aliyenijia shuleni, alishika mdomo, akaenda kuchochea moto jikoni ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Mume wa mama alifika kule wakati wa likizo ya chuo, akitafuta kazi ya kukata nyasi. Aliteleza mteremkoni akabingirika na furushi lake, kijiji kizima kikacheka. "Naye akacheka," akaniambia. "Hapo ndipo nilipomwona."

Basi nikawa naenda kila Jumamosi. Kutoka verandani tuliona mlima wa Homa ng'ambo ya maji. Nilimwonyesha siku moja, nikamwuliza kama mlima wao ulifanana na ule. Akauangalia kwa muda.

"Ule ni kichuguu," akasema, na tukacheka sote wawili.

Lakini kuna nyakati alitoka kwenye Kifaransa akaingia katika lugha nyingine, ya mlimani kwao, ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. Hapo nilibaki nje kama wengine. Alizungumza, nami nikaitikia kwa kichwa, tukakaa hivyo.

Mvua za masika zilipokuja, mawingu yalifunika ziwa siku kadhaa, naye akaacha kula vizuri. Kijijini kwao, alinieleza, kuna majuma ya baridi ambapo jua haliwezi kuvuka kilele. Siku linaporudi, watu husimama nje ya kanisa wakingoja liwafikie usoni. Alitaka nimtoe nje akalingoje. Nilimtoa, nikamshikia mwavuli.

Mwezi huo mpwa wake alipiga simu ya video kutoka Ufaransa. Alikuwa amepanda kijijini makusudi ili amwonyeshe shangazi yake kwao. Nilimshikia mama simu mbele ya macho. Tukaona barabara, tukaona kanisa, tukaona nyumba za mawe zilivyo nzuri, zimekarabatiwa, na madirisha yote yamefungwa.

Mama akasogeza uso karibu. "Nani amekufa?"

"Anasema nini?" mke wa shemeji yake akaniuliza.

"Anauliza nani amekufa, kwa sababu nyumba zimefungwa."

Mpwa alikuwa amesikia. Akaniambia nimweleze kwamba hakuna aliyekufa. Nyumba ni za watu wa mjini, wanakuja wakati wa kiangazi tu. Yeye mwenyewe anaishi chini bondeni.

"Hakuna aliyekufa, mama," nikasema. "Wamehama."

"Wote?"

"Wote."

Aliisukuma simu kando. Akavuta sweta zake mpaka shingoni.

Alifariki kabla ya mwaka kwisha, usingizini. Watoto wake walikuja, wakamzika bomani karibu na mume wake, na watu walijaa hata viti vya kanisa vikapungua. Walisema alikuwa mkulima hodari, asiyeazimisha jembe lake, na anayejua kukamua ng'ombe mkaidi. Mwanawe wa kiume akaniomba niseme neno la Kifaransa. Nikasimama nikakisimulia kijiji, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili: tanuri, paa, jua. Waombolezaji walinisikiliza kwa heshima. Watoto wake, ambao hawakuwahi kupelekwa kule, walitazama chini, na binti akaniuliza baadaye ni lini mama alinieleza hayo yote.

Mpwa alinipigia simu mara mbili baada ya mazishi. Tulizungumza kuhusu hali ya hewa, na nikamweleza alivyokuwa siku za mwisho. Kisha hatukuwa na jambo jingine la kuongea, simu zikakoma.

Jumamosi siku hizi nafua, nasahihisha madaftari, na jua likipungua natembea hadi sokoni kununua mboga. Mama muuzaji ananifahamu. Ananifungia sukuma ya mtu mmoja bila kuniuliza kiasi, ananitakia jioni njema, nami narudi nyumbani.