Masika wa Bwera, Yule Mwenye Alama

Simama katikati ya soko la Bwera uite "Masika!", halafu uone utakavyotafuta pa kujificha. Kwa Wakonzo binti wa kwanza ni Masika, hakuna mjadala, na kila nyumba yenye mabinti ina wa kwanza. Wanaume hivyo hivyo: mtoto wa kiume wa tano ni Kathembo, na huku milimani watu wanazaa. Sisi wenyeji hatuoni shida, mpaka siku mtu anapompoteza mtu wake.

Masika ninayemsema aliuza unga wa muhogo kando ya barabara ya Mpondwe. Mumewe Kathembo alivuka mpaka kuingia Kongo, kwenda kupasua mbao kwenye misitu ya ng'ambo ya Beni, akasema atarudi kahawa ikiiva. Kahawa ikaiva, ikavunwa, ikaiva tena. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Halafu mwaka 2013 serikali ya Uganda ikazima laini zisizosajiliwa, na ya Masika ikiwemo, maana kila siku alikuwa wa kusajili kesho. Alipopata laini mpya, Kathembo kule msituni alikuwa bado anaipigia ile iliyokufa.

Namba nyingine aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya redio ya Kasese, kwa sababu watangazaji waliipigia kelele mchana kutwa. Basi kila alipofika barabarani na kuazima simu ya dereva wa lori, alipiga kwenye kipindi cha salamu cha jioni. Salamu ya kwanza ilikwenda kwa "Masika wa Bwera", na Bwera nzima ikaipokea. Wanawake waliokaa na waume zao wakaulizwa huyo Kathembo ni nani. Alipopiga tena, mtangazaji, kijana mcheshi aitwaye Tsongo, akamwambia ameleta vita majumbani mwa watu, aeleze vizuri ni Masika yupi.

Naye akaeleza. Angesema binti wa Baluku? Akina baba nao ni Baluku watupu. Mkewe alikuwa na alama ya moto kwenye paja la kushoto. Juma la kwanza la ndoa sufuria ya bundu, ugali wetu wa muhogo, ilimpindukia, na Kathembo ndiye aliyempaka asali kila jioni mpaka kidonda kikakauka. Hiyo ndiyo anwani aliyokuwa nayo. Tsongo, badala ya kuitoa kama alivyopewa, akaitia chumvi.

"Masika ya Bwera, ule mwenye moto ilimubusu ku paja, bwana yako iko anakusalimia," akasema hewani, akacheka.

Masika alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko, akaweka kiganja juu ya gauni pale pale penye alama, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mume yu hai, na anamkumbuka. Tangu hapo jioni haikumkuta mbali na redio. Wala hakwenda Kasese kuacha namba yake mpya, maana ingembidi ajitambulishe kuwa ndiye wa paja, na aibu ilimshika.

Aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Kathembo akiwa huko, Masika alibatizwa, akapewa jina la Ketura, jina ambalo mumewe hakuwahi kulisikia. Akaingia umoja wa akina mama, akavaa kitambaa cheupe. Na watoto njiani walikuwa wameshatunga wimbo wa paja la Masika.

Ndipo Zedekiah, mzee wa kanisa, alipoitisha mkutano ukumbini. Zedekiah si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa amechoka kuzima redio mbele ya wajukuu zake wakati wa chakula, na haikuwa salamu peke yake. Kulikuwa na nyimbo za kitandani saa za mchana na wauza dawa za nguvu za kiume wakati wa sala. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa akasema kila redio ina kitufe, asiyependa azime. Akaulizwa, na jirani akifungulia sauti yote, utakwenda kuzima ya kwake? Watu wakacheka. Tsongo, aliyekuja kuitetea redio, akakiri kuwa mzaha aliuzidisha, lakini akaapa kwamba ile ni salamu ya mume kwa mkewe.

"Kama ni mkewe, huyo mama yupo hapa hapa Bwera," Zedekiah akasema. "Asimame, nami nitanyamaza."

Ketura alikuwa benchi la pili. Jamani, angesimama aseme nini mbele ya mchungaji? Watu wote wangelitazama gauni lake. Akainamia miguu yake. Ilipofika kupiga kura ya kuikataza redio kutaja miili ya watu, mkono wake ulikwenda juu pamoja na ya wenzake.

Redio ikakubali. Toka siku hiyo ikawa jina na mahali tu, mwili usitajwe, na mtangazaji atakayekosea kazi hana. Salamu za Kathembo kwa Masika wa Bwera ziliendelea kuja, lakini ni Kathembo yupi? Ketura alizisikiliza zote, na hakuna hata moja aliyoweza kuiita yake. Alimtamani mume yule mpaka chakula kikamshinda.

Jioni moja ikasomwa: Kathembo anamsalimu Masika wa Bwera, amngojee Mpondwe siku ya soko. Ketura akavaa kitenge kipya, akaenda. Kwenye daraja la mpaka akawakuta Masika wengine, wote wamependeza, wanaoneana haya. Kathembo mmoja akavuka kweli, mzee mfupi mwenye baiskeli, na Masika muuza samaki akamkimbilia. Wengine wakapiga makofi, Ketura naye akapiga. Kisha akarudi nyumbani.

Kesho yake jioni aliweka redio mezani na kupiga simu.

"Jina na mahali?" Tsongo akauliza.

"Masika wa Bwera."

"Unamsalimu nani?"

"Kathembo wa mbao." Alijua akitanguliza namba watapiga Kathembo wote na wake hatampata, kwa hiyo akaanza na alama. "Kathembo, ni mimi. Ni yule wa paja, uliyenipaka asali. Namba yangu mpya ni hii."

Tsongo alikuwa ameshamtoa hewani; redio mezani ilikuwa ikiimba kwaya tangu alipotamka paja. Ketura aliisikia. Simu ikiwa bado sikioni, akaitaja namba yote mpaka mwisho, polepole, ili Kathembo apate nafasi ya kuishika.