Mume Aliyehesabiwa Kaya Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipangiwa kijiji cha Mpitimbi, mkoba wa madodoso begani, yaani zile karatasi ndefu za maswali ya sensa. Ninyi makarani wa leo mna vishikwambi. Sisi tulikuwa na penseli na raba. Nawaonea wivu, nasema wazi.

Sheria ilikuwa moja: anahesabiwa aliyelala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Lakini kadiri barabara ya lami ilivyosogea karibu, wanaume wa kule waliondoka nayo, wengine Dar es Salaam, wengine migodini. Hata hivyo kila mke niliyemuuliza alijibu, "Yupo, mama. Mwandike." Nikawaandika wote.

Mratibu wa wilaya alinitupia madodoso mezani. "Hawa wanaume wote wako wapi, mama? Kwenye mkutano wa kijiji nimeona wanawake watupu! Mipango ikipangwa kwa karatasi hizi, nani atajua wanalima peke yao?"

Nikarudi nyumba kwa nyumba, nafuta huku nawasema. Mmoja akanijibu, "Futa tu, mama. Ila mimi nikisema hayupo, si ndiyo nimemwachia huyo mke mwenzangu wa huko aliko?" Nilicheka sana.

Sensa iliyofuata nilikuwa msimamizi, anayerudia kaya chache kuhakiki kazi ya makarani. Nikapelekwa Nakapanya. Nilifurahi, maana mume wangu alikuwa pande hizo akinunua korosho, nikafungasha na kanga mpya. Kaya ya tatu, mwanamke mdogo kwangu alinipokea kwa shikamoo na kiti. Nikafungua dodoso lake. Mkuu wa kaya: mume wangu, majina yote matatu. Koti lake lilining'inia msumarini.

"Amelala hapa?" nikauliza. Ndilo lilikuwa swali.

"Amelala, mama. Ametoka sasa hivi."

Nilikuwa nimekula kiapo cha kutunza siri, na jibu lilikuwa sahihi. Nikatia tiki. Hata sufuria yake ya chai niliionea kijicho.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani kwangu, mtaa wa Lizaboni. Mume hakurudi, na sikuwahi kumwambia mtu nilichokijua. Katika sensa hii ya mwisho alikuja binti mwenye kishikwambi.

"Shikamoo bibi. Mkuu wa kaya ni nani?"

Nikamtaja.

"Alilala hapa?"

Nilimkumbuka Mratibu, na raba yangu ya Mpitimbi. Kisha nikamwona akilini yule mwanamke wa Nakapanya akimtaja mume wangu kama wake peke yake, roho ikaniuma upya.

"Yupo, mjukuu wangu," nikasema. "Mwandike."